Kaunta ya Jikoni Nyumbani: Lijue Jiwe Kabla Hujatuma Pesa



Swali linalotufikia sana siku hizi linakuja kwa picha. Mtu anapiga jiko la bosi wake, ile kaunta nyeupe yenye mishipa ya kijivu, anatuma na maneno mawili tu: "Hii ngapi?" Kabla ya yote, jamani, angalieni na hizo picha. Nchi za Ghuba zina sheria kali za faragha, na kupiga picha ndani ya nyumba ya mtu bila ruhusa kunaweza kukuletea kesi kubwa kuliko kaunta yenyewe. Omba ruhusa. Wamama wengi wenye nyumba ukiwauliza vizuri watakutajia hata jina la jiwe lao.

Kutamani tunaelewa. Umeifuta kaunta ile kila siku kwa miaka mitatu, au umezipandisha slabu zake ghorofa ya 20 kwa mabega yako, na sasa unajenga kwenu, unataka na mama yako akatie vitunguu kwenye jiwe linalong'aa. Hakuna ubaya hapo. Ila sisi ni watu wa hesabu, na "ngapi" haijibiki mpaka tujue "jiwe gani". Kwenye kioo cha simu kuna mawe manne matano yanayofanana kabisa. Moja litakaa kuliko sisi sote. Lingine litapata alama siku ya kwanza mtu atakapokamua ndimu. Na bei zake hazikaribiani.

Marumaru ya fundi na marumaru yako

Tuanze na neno lenyewe, maana limeshakula pesa za watu.

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat alijibana miezi minane, akatuma nyumbani pesa ya "marumaru ya jikoni". Alipokwenda likizo akakuta vigae. Vigae safi, vimepangwa vizuri, mistari imenyooka. Akamgeukia kaka yake, akamgeukia fundi, ugomvi ukawa mkubwa mpaka wazee wakaitwa. Lakini ukiangalia vizuri, hakuna aliyeiba kwenye hatua hiyo. Sehemu kubwa ya Tanzania ukimwambia fundi "marumaru", yeye anaelewa vigae vile vya boksi. Dada alikuwa anawaza jiwe la asili. Kaka alielewa kama fundi alivyoelewa. Kilichobaki kwenye ile pesa kikaenda kwenye rangi na geti, na hapo ndipo pa kumuuliza kaka.

Kwa hiyo usitume pesa kwa neno moja. Granaiti nayo hivyo hivyo: madukani kuna vigae vya kiwandani vilivyochapishwa sura ya granaiti, na muuzaji atakuambia "hii ni granaiti" bila kuona aibu. Kwenye ankara yaandikwe maneno kamili: jiwe la asili au la kiwandani, jina lake la biashara, slabu au kigae, unene kwa sentimita, mita za mraba ngapi. Kigae utakijua kwa ubavu wake. Ukiangalia kwa pembeni, maua na mishipa iko juu tu kama rangi ya ukutani, ndani ni udongo wa rangi moja. Jiwe la asili mishipa yake inashuka mpaka chini.

Ile nyeupe unayoitamani

Marumaru halisi ni jiwe la chokaa lililokaa chini ya ardhi kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka likabadilika umbile. Kikemia ni ndugu wa chaki, wa matumbawe, na wa chokaa unayopaka ukutani. Ndiyo maana ni laini: kisu cha jikoni kinalichana. Na ndiyo maana linaogopa asidi. Tone la ndimu likikaa juu yake linaanza kulila palepale, na likifutwa linaacha doa lililofifia, kama pumzi ya mtu kwenye kioo.

Sasa tazama jiko la kwetu. Ndimu kwenye samaki. Siki kwenye kachumbari. Ukwaju, embe bichi na pilipili, nyanya kila siku, achari ya limau kwenye chupa inayovuja. Mapishi ya pwani nusu yake ni asidi. Halafu binzari nayo ipo, na mafuta ya mawese kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi, vitu vinavyozama ndani ya jiwe lenye vitundu na kukataa kutoka. Kwa bosi wako kaunta ile inang'aa kwa sababu wewe upo, na kwa sababu jiko la kupikia kwa kweli mara nyingi liko nyuma. Lile la mbele ni la kuonyesha wageni. Kwenu hakutakuwa na jiko la kuonyesha. Kuna moja tu.

Maoni yetu, na tunajua wengine hamtayapenda: marumaru kwenye kaunta ya jiko la familia ya Mombasa, Tanga au Unguja ni pesa iliyowekwa mahali pasipofaa. Iweke sebuleni, kwenye ngazi, kwenye meza ndogo, kwenye ukuta wa nyuma ya televisheni. Au kata kipande kidogo cha kusukumia chapati, maana marumaru inakaa baridi na unga haunati sana. Hapo inafaa kweli.

Wenye majengo makubwa nao wanachagua jiwe kwa kazi yake. Walioko Muscat mnaujua Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001. Wengi wanaamini wote ni marumaru. Mwili wa jengo umetumia tani 300,000 za jiwe la mchanga kutoka India, na marumaru imewekwa ndani, kwenye kuta za ukumbi wa swala, pasipokamuliwa ndimu.

Neno moja zaidi kabla hatujaiacha. Sokoni chochote cha chokaa kinachokubali kung'arishwa kinaitwa marumaru. Zile za rangi ya mchanga na hudhurungi zinazochimbwa Oman, zile zenye matundu ziitwazo travatini, na oniksi inayopitisha mwanga, zote tabia ni hiyo hiyo mbele ya siki. Jina likipanda na bei ikipanda, woga wa asidi uko palepale.

Kwa mnaozifuta kila siku

Hapa tunawasemesha dada zetu wa kazi za ndani, maana lawama ya doa huwaangukia wao.

Ile alama iliyofifia kwenye marumaru si uchafu. Ni jiwe lililoliwa. Ukisugua kwa nguvu hutaitoa, utaipanua, na ukisugua kwa waya wa masufuria umeongeza mikwaruzo. Dawa yake ni kung'arishwa upya na fundi wa mawe. Kwa hiyo usitumie siki, ndimu, wala dawa ya choo ya asidi kwenye kaunta, sakafu au bafu la marumaru, hata kama kwenu siki ndiyo dawa ya kila kitu. Maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini, halafu ukaushe. Doa la mafuta ni jambo jingine: korogea magadi ya kuokea na maji kidogo iwe kama uji mzito, paka juu ya doa, funika na plastiki, iache mpaka kesho yake. Mara nyingi hulinyonya. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, na mwambie mama mwenye nyumba kabla.

Ukianza kazi nyumba mpya, siku ya kwanza zunguka naye, mwonyeshe alama zilizopo tayari. Mwonyeshe kwa kidole, kwa upole. "Madam, hii nimeikuta." Sentensi hiyo haigharimu kitu.

Granaiti na ujanja wa rangi nyeusi

Kamusi inaiita itale, lakini dukani sema granaiti ndipo utaeleweka. Ni mwamba uliopoa polepole kutoka kwenye uji wa moto chini ya ardhi. Waliokulia Mwanza wamelijua jiwe hili kabla ya kusoma, kwani yale mawe makubwa yaliyobebana ufukweni mwa Ziwa Viktoria ndiyo hayo. Ni gumu, kisu cha kawaida hakilichani. Ndimu haliogopi. Sufuria ikitoka jikoni likapokea kwa muda mfupi, halilalamiki. Ila jiko la mkaa usiliweke juu yake. Joto kali la mahali pamoja kwa saa nzima linaweza kulipasua, na jiwe lililopasuka halishonwi.

Granaiti nayo ina vitundu vidogo, baadhi nyingi, baadhi karibu hakuna. Mwagia maji kidogo, subiri dakika 10 mpaka 15. Pakigeuka peusi, jiwe linakunywa, na litahitaji kupakwa dawa ya kuziba vitundu, kisha kurudiwa kila baada ya muda. Uliza kama dawa hiyo imo kwenye bei.

Sasa ujanja. Granaiti nyeusi tii ina soko kubwa, na jiwe la kijivu ni rahisi zaidi, basi wapo wanaolipaka rangi au mafuta lionekane jeusi. Baada ya mwaka linafifia kwa mapande, hasa karibu na sinki. Mwambie mtu wako aende dukani na kitambaa cheupe na dawa ya kufutia rangi ya kucha, ile yenye asetoni. Asugue kona ya chini. Kitambaa kikitoka cheusi, aage arudi nyumbani.

Majaribio mengine ni ya dakika mbili, na muuzaji mwaminifu hakatai ukiyafanya kwenye kipande cha mabaki. Tone la ndimu: likichemka au likaacha alama iliyofifia, hilo ni la chokaa, hata kama kibandiko kimeandikwa jina la kupendeza. Ncha ya kisu: ikichana, si granaiti. Hili la kisu litakusaidia sana kwenye kwatzaiti, jiwe la asili gumu kweli na la bei kubwa, ambalo jina lake hupachikwa marumaru laini ili ipande bei. Unalipia ugumu, unapewa ulaini.

Kwatzi ya kiwandani

Hii ndiyo iliyojaa kwenye fleti mpya za Dubai na Doha, na tunadhani nusu ya picha mnazotutumia ni hii. Siyo jiwe lililochimbwa likakatwa. Ni mawe ya kwatzi yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi ya plastiki na rangi, yakagandamizwa kuwa slabu. Inaigiza marumaru vizuri sana, haiogopi ndimu, haihitaji dawa ya kuziba. Kwa jiko linalopikwa kila siku ni chaguo zuri, isipokuwa mambo mawili. Gundi ile haipendi moto: sufuria ya mafuta ya kukaangia ikiwekwa juu moja kwa moja itaacha alama ya kuungua isiyotoka. Na haipendi jua. Ukiiweka kwenye jiko la uani itabadilika rangi. Kama kwenu mnapikia nje, na wengi wetu tunapikia nje, achana nayo.

Jambo la tatu ni zito zaidi, linawahusu mnaoikata.

Vumbi

Vumbi jeupe la mawe lina kitu kiitwacho silika. Marumaru ina kidogo sana. Granaiti ina zaidi, ingawa kwa kawaida haifiki nusu. Kwatzi ya kiwandani ya kawaida inazidi asilimia 90. Ukiikata kavu kwa grainda, chembe zinazoingia kifuani ni ndogo hata huzioni, na zikiingia hazitoki. Mapafu yanajenga makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi na hauna tiba ya kuuondoa. Australia ilifika mahali ikapiga marufuku jiwe hili la kiwandani kuanzia tarehe 1 Julai 2024, kwa sababu ya vijana waliokuwa wanalikata na kuugua.

Kwa hiyo ndugu yetu wa saiti: maji yawe yanatiririka kwenye msumeno wakati wote. Barakoa iwe ile ya vumbi yenye alama ya N95, FFP2 au zaidi, imebana uso. Kitambaa cha shingoni ni mapambo tu. Usifagie vumbi kavu, limwagie maji kwanza. Usilipulizie nguo zako kwa hewa ya kompresa. Usirudi chumbani na nguo za kazi ukazitundika juu ya kitanda mnacholala watu sita.

Tunaliandika hili kwenye ukurasa wa akiba kwa sababu ni suala la akiba. Kufanyia upya kibali cha ukaazi katika baadhi ya nchi za Ghuba kuna kupimwa afya, na picha ya kifua imo. Kifua kikionekana kibaya mkataba unaweza kuisha, na nyumba ikabaki bila paa. Tena, silikosisi hufanana na kifua kikuu na pia humfanya mtu apate kifua kikuu kwa urahisi. Ukirudi nyumbani na kikohozi kisichoisha, usimwambie daktari "nilikuwa Arabuni" ukanyamaza. Mwambie: nilikuwa nakata mawe, miaka fulani, jiwe la aina fulani. Asipojua hilo anaweza kukutibu ugonjwa mmoja kati ya miwili.

Na fundi atakayekuja kukata kwenu naye ana mapafu. Mkitaka akatie uani, nje awe na maji, watoto wapelekwe kwa jirani.

Mawe ya kwetu

Watu wakisema mawe mazuri wanafikiria Italia. Kwa Wakenya, jiwe la Mazeras, lile la mchanga linalotoka njia ya Mombasa, ni zuri mno kwa baraza, njia ya bustani na ukuta wa mbele. Galana kutoka upande wa Malindi vilevile. Kwa kaunta hayafai, yanakunywa kila kitu. Jiwe la sabuni la Kisii, wanalochonga kule Tabaka, halijali moto wala ndimu, lakini ni laini kiasi kwamba ukucha unalichora. Libaki kwenye bakuli na mapambo.

Waliorithi nyumba ya zamani Mji Mkongwe au Lamu, kuta zenu ni matumbawe na chokaa, na zidaka za ukutani zilizobaki ni mali kuliko marumaru yoyote mtakayonunua. Msizipige plasta ya saruji. Ukuta ule unapumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu na chumvi vinabaki ndani na baada ya muda plasta inabanduka na vipande vya ukuta. Tafuta fundi wa chokaa.

Na kuna terazo. Vipande vidogo vya marumaru ndani ya saruji, vinasuguliwa mpaka ving'ae. Shule na hospitali nyingi za zamani Afrika Mashariki zina sakafu za terazo ambazo zimekanyagwa na vizazi na bado zipo. Fundi anaimwaga palepale kwenye kaunta, hakuna usafiri wa slabu, hakuna maungio. Ndimu itaigusa, ndiyo, kwa kuwa ndani yake mna chokaa na saruji, na lazima izibwe vizuri. Lakini kwa mwenye bajeti ndogo, sisi tungeiangalia terazo nzuri kabla ya marumaru mbaya.

Hesabu sasa

Kosa la kwanza ni kulinganisha bei zisizolingana. Muuzaji mmoja anakupa bei kwa mita ya urefu, mwingine kwa mita ya mraba, wa tatu kwa futi ya mraba. Kaunta ya kawaida ina upana wa sentimita 60. Mita moja ya urefu basi ni 0.6 ya mita ya mraba, na mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76.

Chukua kaunta ya urefu wa mita 4.5, yaani mita za mraba 2.7. Namba zinazofuata ni za mfano tu, usiende nazo dukani. Wa kwanza anasema 180,000 kwa mita ya urefu: jumla 810,000. Wa pili anasema 270,000 kwa mita ya mraba: jumla 729,000. Wa tatu 27,000 kwa futi ya mraba: kama 784,000. Yule aliyetaja namba kubwa kuliko wote ndiye rahisi kuliko wote. Mdogo wako akikupigia simu "kaka, nimepata wa 27,000 tu!", muulize kwanza 27,000 ya nini.

Halafu uliza yaliyojificha. Nalipia slabu nzima au nilichotumia? Kutoboa tundu la sinki na la jiko ni bei tofauti? Kuzungusha kingo? Usafiri na wabebaji? Bei ina VAT ndani, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara? Kwa ankara tulizopitishiwa na wasomaji, nyongeza hizi ndizo zinazowashtua watu, maana jiwe lenyewe walikuwa wamelijua.

Unene nao ni pesa. Jiwe la namna hii lina uzito wa karibu tani 2.7 kwa mita ya ujazo. Slabu ya sentimita 2 ni kilo 54 kwa mita ya mraba, ya sentimita 3 ni kilo 81. Kaunta yetu ya mfano ni kilo 146 au kilo 219. Makabati ya mbao dhaifu hayawezi hiyo ya pili. Na hapo ndipo tunapowajibu wanaouliza kama wanunue slabu Ghuba waitie kwenye konteina ya kuchangia: hapana. Ni nzito, ni dhaifu kwenye kona, itawekwa chini ya friji ya mtu, na bandarini utalipia ushuru wa jiwe ambalo limeshakatika vipande viwili.

Kuhusu sarafu. Riyali ya Oman, dirhamu, riyali ya Saudia na ya Qatar zote zimefungwa kwenye dola. Jiwe la kutoka India, China au Italia nalo, hata likiuzwa kwa shilingi, bei yake inafuata dola. Kwa hiyo kama kaunta utainunua mwakani na ni jiwe la kuagizwa, akiba yako ya kaunta iache huku kwa sarafu ya huku, tuma wakati wa kulipa. Ukituma leo ikakaa kwa shilingi na shilingi ikashuka, jiwe limekukimbia. Terazo na Mazeras ni za ndani, haziendi sana na dola; hizo hata akiba ya nyumbani inazifaa. Tena kuituma kabla ya wakati kuna hatari nyingine mnayoijua wenyewe: pesa iliyolala nyumbani ina ndugu wengi.

Wakati wa kulipa ni upi? Mwisho kabisa. Paa kwanza, maji, umeme, plasta, halafu makabati yafungwe. Fundi wa mawe apime juu ya makabati yaliyofungwa, siyo kwenye ramani, maana kuta zetu hazijanyooka kama ramani inavyodai. Kabla ya hapo, kama familia imeshahamia, mwaga kaunta ya zege na vigae vya bei nafuu. Slabu ikija miaka miwili baadaye inaweza kulazwa juu yake ikiwa zege imekaa sawa na kimo cha sinki kimepangwa mapema.

Malipo yagawanye. Malipo ya kwanza yaende moja kwa moja kwenye akaunti ya duka, kwa ankara yenye yale maneno tuliyotaja juu, baada ya kuiona slabu yenyewe kwa simu ya video. Mwambie mtu wako aandike jina lako juu ya slabu kwa chaki, aweke futi ya kupimia kwenye ubavu wake, apige picha. Slabu mbili za jina moja hazifanani, na mwenye bahati mbaya huchaguliwa iliyobaki. Malipo ya pili ni ikishakatwa. Bakiza angalau robo mpaka kaunta imefungwa, bomba limefunguliwa, maji yamekaa kwenye sinki na chini ya kabati pakavu. Ndiyo, utakatwa ada ya kutuma mara tatu. Ilinganishe na ile robo, uone ipi kubwa.

Jambo la mwisho, dogo. Tundu la sinki likikatwa, linatoka pande zima la jiwe, pengine sentimita 70 kwa 40. Ulililipia. Mafundi wengi wanaondoka nalo, likaja kuuzwa kama kizingiti cha dirisha cha mtu mwingine. Liandikwe kwenye ankara kwamba mabaki yote ni ya mwenye nyumba, na mama aambiwe alidai siku hiyo hiyo, kabla gari halijaondoka.